Malkia Asipite

Venia yangu imekamatwa, ndiyo maana mnasoma haya.

Aliyeikamata ni mwalimu wenu Baraka. Alikuja kwangu hapa Isevya baada ya Pasaka, akasema shikamoo kwa adabu zote, nikaitika marahaba, akala matobolwa yangu, viazi vitamu vya kukausha, sahani nzima akashushia na chai vikombe vitatu. Wakati wa kuaga akanyoosha mkono kwenye rafu, akaichukua venia, kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili nilichopimia vitu vya plastiki miaka yangu yote ya kazi. Akaitia kwenye begi.

"Bibi, mtani amekamata," akasema. "Utaikomboa kwa kuandika. Wanafunzi wangu mimi hawanisikii."

Kwa ninyi ambao hamkuambiwa nyumbani: mimi ni Mnyamwezi, Baraka ni Mgogo wa Manyoni. Babu zetu walikatiza nchi yao wakiwa na mizigo kichwani kwenda pwani, wakaomba maji yao, wakagombana nao, wakazikwa nao, na utani ukabaki mpaka leo. Mtani akikukamatia kitu huendi polisi. Unakomboa. Na mimi sina mdomo wa kulalamika, kwa sababu mchezo wa kukamata niliuanza mwenyewe, na nilichomkamatia yeye kilikuwa kizito kuliko venia. Nitafika huko.

Shule niliishia darasa la nne. Anayechapa kwenye simu ni mjukuu wangu Neema, mtoto wa Doto, na nimemkataza kuniongezea maneno.

Basi Baraka amenionyesha michoro yenu. Ni mizuri, unaigusa inazunguka. Lakini kila mstari mmeuandikia nafasi ileile ya kukosea, ndogo kama unywele. Ukingo, tundu, kona, mpaka mahali pa kuandika jina, kote mmebana sawasawa. Nikamuuliza Baraka, hawa wanamwogopa nani? Akacheka mpaka akakohoa, maana mchoro wake wa kwanza hapa Tabora ulikuwa hivyohivyo, na ulikaribia kuturudisha wote nyumbani.

Nafasi ya kukosea ni hivi. Hakuna kitu cha plastiki kinachotoka kwenye mashine kikiwa sawasawa na mchoro. Hiki kitazidi kidogo, kile kitapungua. Anayechora ndiye anayesema: kikizidi mpaka hapa kipokee, kikipita hapo kitupe. Ukiwa mlegevu mahali pabaya, kitu hakifanyi kazi. Ukibana kila mahali, fundi anakonda, mashine inatoa taka kutwa nzima, na bado kitu kinaweza kisifanye kazi. Kujua wapi ubane na wapi uachie, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuchora mistari hata Neema anaweza.

Kiwanda chetu kilikuwa banda la mabati karibu na reli, mali ya Bi Zuhura. Mashine ilikuwa moja. Unamimina punje za plastiki juu, zinayeyuka, zinasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, yaani vipande viwili vya chuma vilivyochongwa umbo la kitu unachokitaka. Kikipoa, kalibu inafunguka na wewe unatoa. Wanawake wa mashine tulikuwa sita: Fides, Ashura, Sabina, Nyamizi, Mwajuma na mimi, ambaye wote waliniita Mama Kulwa. Aliyechonga kalibu ni fundi Gervazi wa Ulyankulu, ambaye mama yake alimleta kutoka Burundi akiwa mgongoni. Mtu mkimya. Nadhani alizungumza na chuma kuliko alivyozungumza na sisi.

Nilianza kwa kufagia. Mwezi wa pili Gervazi akanipa venia nipime vifuniko vya ndoo za asali, akanionyesha namna ya kusoma, akaenda zake. Nikapima kila kifuniko kinachotoka, kingali cha moto, vidole vinaungua, natia alama kwenye daftari: sawa, sawa, sawa. Nikajiona mtu. Asubuhi yake Ashura akachukua kifuniko kufunga ndoo, hakikuingia. Cha pili hakikuingia. Magunia manne, hakikuingia hata kimoja.

Gervazi alikuja, akakishika kifuniko, akanitazama.

"Mama Kulwa," akasema, "umepima uji. Wateja wanakula ugali."

Wale wenzangu walilicheka neno hilo mwaka mzima. Lakini sikulisahau. Plastiki inasinyaa ikipoa, na haimalizi kusinyaa siku ileile. Iache rafuni kivulini mpaka kesho ndipo uipime, na uipime saa ileile kila siku, kwa maana kitu kilekile ukikipima asubuhi ya baridi ya Julai na mchana wa Oktoba kitakupa majibu mawili, na yote ya kweli. Tangu siku hiyo sikupima tena kitu cha moto. Ukiniona nimekaa tu mbele ya rafu nimekunja mikono, nilikuwa kazini.

Sasa niwaeleze la nyuki.

Ulifika wakati ndoo na beseni zinakuja kwa malori kutoka mbali, na vifuniko vyetu havina mtu. Mashine ikawa inalala siku tatu kwa wiki. Ndipo akaja mzee Shija wa Igalula, mfugaji wa nyuki, kwa niaba ya wenzake. Alikuwa na kitu ndani ya gazeti. Akakifungua mezani kwa Bi Zuhura: bapa la plastiki lenye njia nyembamba nyingi, limetoka kwa wageni.

"Hili ni chekeche la malkia," akasema. "Mzinga wa sanduku una vyumba viwili. Chini malkia anataga, juu tunavuna asali. Katikati unaweka hili. Nyuki wafanyakazi wanapita kwenda juu kuweka asali. Malkia asipite. Akipita anataga huko juu, na asali yako inajaa majana, yaani watoto wa nyuki. Tunataka mtutengenezee. Tuko wengi."

Bi Zuhura alipozunguka nchi nzima kutafuta chuma kizuri cha kalibu alipata kimoja tu. Kilipofika alituita wote, akatumiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Chuma ni hiki," akasema. "Sina cha pili. Kazi hii ikitoka vizuri, tunaendelea. Kikiharibika, mashine inakwenda Mwanza, kuna mtu ananipigia simu kila siku anaitaka. Na ninyi mtarudi makwenu. Sisemi kwa hasira."

Kweli hakusema kwa hasira, ndiyo maana tuliamini. Fides alikuwa na watoto wanne na mume mgonjwa wa kitandani. Sabina alikuwa anamlea mama yake. Mimi nilikuwa na Kulwa na Doto sekondari. Hapakuwa na kazi nyingine hapa mjini ya kumpokea mwanamke wa darasa la nne akashike venia.

Kwa kazi hiyo Bi Zuhura akamwajiri Baraka, kijana wa cheti, shati limechomekewa. Siku ya kwanza alipotaja kwao, nikamwambia, "Kumbe Mgogo. Karibu. Tutakufundisha kula mpaka ushibe." Akajibu, "Mama, nilidhani Wanyamwezi mmekwisha wote njiani na mizigo." Tukaelewana.

Chekeche tulikubaliana litengenezwe kwa vipande vidogo, kila kimoja ukubwa wa daftari, vinne viingie kwenye fremu moja ya mbao. Mimi nikapewa kupima lile la wageni. Nilipima njia zake zote, siku mbili, kivulini, mara tatu kila njia. Zote zilitoka sawa. Nikamwambia Baraka, andika hiyo, naapa. Sikukosea kupima, wajukuu zangu. Nilikosea kutouliza. Sikuuliza chekeche lile limetengenezwa kwa nyuki wa wapi.

Baraka akaandika, na kila mahali akabana. Njia akabana, ukingo wa nje nao akabana uingie kwenye mfereji wa fremu bila kucheza.

Sasa sikilizeni namna Gervazi alivyochonga, maana hapa ndipo tulipookokea. Njia kwenye plastiki inaachwa na ulimi wa chuma uliosimama ndani ya kalibu. Plastiki inauzunguka, ulimi ukitoka panabaki njia. Ulimi mnene, njia pana. Ulimi mwembamba, njia nyembamba. Na chuma ukikisaga kimepungua, hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo mtu mwenye akili anaanza na ulimi mnene, anajua njia itakuwa pana, halafu anapunguza kidogo kidogo huku akijaribu. Ndimi zote Gervazi alizisimamisha juu ya kipande kimoja kinachochomoka kwenye kalibu, kizito kama tofali, ili aweze kukitoa na kukisaga peke yake.

Vipande vya kwanza vilitoka sawa na vya wageni. Shija akavichukua kwenda Igalula, akaviweka kwenye mizinga miwili. Baada ya wiki kadhaa akarudi na beseni limefunikwa kitambaa. Akafunua mbele ya Bi Zuhura. Sega la juu, la asali, limejaa majana meupe.

"Bi Zuhura," akasema, "hii ni asali au mboga?"

Hakuna aliyecheka.

Siku hiyo Gervazi hakuwapo, alikwenda kumzika dada yake Ulyankulu. Bi Zuhura alimtazama Baraka tu, akaingia ofisini. Kesho yake asubuhi nimefika kazini namkuta Baraka amekichomoa kile kipande cha ndimi, amekifunga kwenye mashine ya kusaga, jiwe linazunguka.

"Unafanya nini, mtani?"

"Natengeneza. Njia ni pana. Nazipunguza sana, mara moja, malkia asipite tena maisha yake."

"Sana kiasi gani?"

Akanionyesha kwenye karatasi. Sikupenda nilichokiona. Mezani palikuwa na vile vipande alivyovirudisha Shija, nikakiinua kimoja, nikakilaza. Kilikuwa kimepinda kama kigae, kati kimeinuka. Nikainua cha pili, hivyohivyo.

"Baraka, hivi vilitoka hapa vimenyooka. Vimebanwa kwenye mbao, jua likapiga, vikakosa pa kwenda vikapinda. Sasa malkia alipita njiani, au alipita chini ya huu upinde?"

"Vyovyote vile. Nikizibana njia hapiti."

"Na wafanyakazi?"

"Watapita."

"Nani kakwambia?"

Akageukia tena mashine yake. Nikaona huyu hasagi chuma, huyu anakimbia. Na mtu anayekimbia humwambii aketi mjadiliane. Nilizima mashine. Nikalegeza skrubu mbili, nikakichomoa kipande, nikakifunga ndani ya kanga yangu.

"Mtani amekamata," nikasema.

"Mama Kulwa, tafadhali, leo si siku ya utani."

"Leo ndiyo siku yake. Ningekuwa si mtani wako ningekutukana, na wewe una cheti. Utakomboa kwa nyuki. Hela yako siitaki. Utakwenda Igalula ukawaulize wenyewe wanapita wapi. Ukileta jibu lao, nakurudishia chuma."

Nikakitia kichwani kama babu yangu, nikaenda nacho nyumbani. Nyamizi alinifuata mpaka relini akisema nimerukwa na akili. Huenda.

Jioni ile Bi Zuhura alikuja mwenyewe hapa Isevya, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kwangu hakuwahi kufika. Hakutaka kukaa.

"Mama Kulwa, hicho ni chuma changu."

"Ni chako, Bi Zuhura. Na kiko salama kuliko kilivyokuwa asubuhi."

"Unajua naweza kukufukuza."

"Nifukuze Gervazi akisharudi. Kikisagwa kwa kubahatisha utanifukuza hata hivyo, na wenzangu watano juu yangu."

Akatazama ile kanga iliyofungwa chini ya kitanda. Akaniomba maji ya kunywa, akanywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe.

"Mpaka miti ianze kuchanua," akasema. "Shija hatangoja zaidi ya hapo. Na mimi sitangoja."

Gervazi aliporudi nikamweleza yote. Hakunisifu, hakunilaumu. Alikaa siku nzima akatengeneza ubao wenye njia sita, kila moja imempita mwenzake kwa upana kidogo tu, kingo zake za chuma kilichosuguliwa. Ya kwanza nyembamba, ndiyo aliyotaka Baraka. Ya tano ilikuwa sawa na ya wageni. Tukapanda treni, Gervazi, Baraka na mimi, na ule ubao nimeukumbatia kama mtoto mgonjwa.

Shija hakufurahi kutuona.

"Mnataka malkia wangu wa kuchezea?"

"Wa kupima, mzee," Baraka akasema.

"Wewe ndiye uliyechora?"

"Ndiye mimi."

"Basi kofia ya wavu sina ya kukupa. Zipo mbili, ya kwangu na ya huyu mama."

Gervazi alikaa mbali kwa hiari yake. Baraka aliumwa shavuni, sikioni na mahali pengine ambapo amenikataza kupataja. Hakuondoka. Tangu pale nikajua atakuwa fundi.

Shija alimtia malkia kwenye kisanduku na nyuki wachache, tukafunika kwa ule ubao, tukaziba njia zote kwa nta isipokuwa moja, juu tukaweka sega la majana kuwavuta. Tunakaa, tunatazama. Tunaziba hiyo, tunazibua nyingine. Njia ya tano, ile ya wageni, malkia aliipita kama anaingia kanisani. Hakugusa hata ukingo. Shija akanigeukia.

"Nyuki wa wageni ni wakubwa," akasema. "Wetu ni wadogo. Hamkujua?"

"Sikuuliza," nikasema.

"Ningekwambia."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mwiba wa nyuki. Angeniambia. Alikuwa amekaa mezani kwetu, na mimi nikaenda kuliuliza chekeche.

Njia ya nne, malkia aliingiza kichwa, akaingiza mabega, akakwama. Tumbo lake kubwa halikuwa na neno, linabonyea. Kilichomkwamisha ni kifua, kigumu kama karanga. Likumbukeni hilo siku mtakapopima chochote: tafuta sehemu isiyobonyea, hiyo ndiyo inayoamua.

Baraka akaruka. "Basi ya nne. Tumemaliza, twendeni."

Gervazi, kutoka kule alikokaa, akauliza, "Una malkia wangapi, mzee?"

"Kuwatesa wote?"

"Mmoja si wote," Gervazi akasema.

Shija alinung'unika, lakini akaleta wa pili. Alikwama. Akaleta wa tatu, wa mzinga mchanga, mwembamba, mweusi. Huyo alisimama mbele ya njia ya nne, akageuka ubavu, akapita.

Baraka alikaa chini kwenye majani makavu na uso wake umevimba. Kama tungeondoka dakika ile aliyosema, tungerudi na jibu la uongo tuliloliona kwa macho yetu wenyewe.

Njia ya tatu hakupita yeyote, hata yule mwembamba. Tukawageukia wafanyakazi. Njia ya kwanza, ile aliyotaka kuisaga Baraka, mfanyakazi mtupu alipita kwa shida. Aliyebeba chavua miguuni alisukuma, akasukuma, chavua ikabaki mlangoni, akaingia mikono mitupu. Ya pili wengine walipita na mzigo, wengine ukawadondoka. Ya tatu walipita na mzigo wao, wanapishana.

"Umeona?" nikamwambia Baraka. "Ungezuia malkia na asali pia. Mzee angekuja na beseni tupu."

"Nimeona, mama."

"Na chuma kingekuwa kimekwisha."

"Mama Kulwa, nimeona. Niache nivimbe kwa amani."

Kwa hiyo nafasi yetu ilikuwa pale: juu ya njia ya pili, chini ya nne. Ndogo sana. Ila sasa ilikuwa ni nafasi ya kweli, wenye mzinga wametuonyesha mwanzo wake na mwisho wake. Kwenye treni ya kurudi Baraka akachora upya kwenye goti. Njia akazibana, alenge ya tatu. Ukingo wa nje akauachia kabisa, kipande kiwe kidogo kuliko mfereji wa fremu na kicheze humo. Akaniuliza, "Kikicheza malkia hatapita pembeni?" Nikamwambia mfereji una kina, kipande hata kikisogea huku na huku ukingo wake unabaki umefunikwa na mbao. Na maseremala wa Isevya wanakata kwa msumeno wa mkono, mvua zikinyesha mbao zinavimba, Oktoba plastiki inatanuka. Pale unamwachia kila mmoja apumue. Kona nazo akaziachia. Unene akauachia. Mchoro mzima ukabaki na mahali pamoja pakali.

Gervazi akaongeza lake. "Punje zenu zina vumbi," akasema, "zitasugua ndimi miaka na miaka. Ulimi ukisuguliwa unakonda, njia inazidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo tusilenge katikati kabisa. Tuegemee upande wa upana, unywele tu, ili kukonda kwake kuturudishe katikati."

Wajukuu, nimefanya kazi na watu wengi, na naweza kuwatajia majina yao wote, lakini sentensi ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote nilizowahi kusikia kuhusu kuchora kitu. Anachora akiwa ameshaona kitakavyozeeka.

Nikamkabidhi Baraka chuma chake kwa mikono miwili, na wenzangu wakapiga vigelegele, utani umekombolewa. Gervazi alipanga kukisaga mara tatu. Akasaga ya kwanza, tukatoa vipande, nikaviweka rafuni mpaka kesho yake, nikapima. Bado pana. Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia huko mjini kwamba miti ya njia ya Igalula imeanza kutoa vichipukizi. Hakuniharakisha. Akasaga ya pili. Rafuni, kesho, venia. Nilipima njia zote za vipande kumi, nikarudia, kisha nikamwita Gervazi asome mwenyewe, maana macho yalikuwa yananitoka machozi na sikutaka kusoma kwa machozi.

"Hapa," akasema. "Tusiguse tena."

Baraka akauliza, "Na mara ya tatu?"

"Ibaki kwenye chuma. Siku moja mtu ataihitaji."

Shija alivichukua miti ikiwa imechanua nusu. Msimu ulipokwisha hakuja yeye, alimtuma mkwewe na ndoo. Bi Zuhura aliinua kifuniko mbele yetu. Sega la juu, asali tupu, hata jana moja hakuna. Akachovya kidole, akalamba, akatuambia turudi kwenye mashine, kwa kuwa walikuwa wameagiza tena.

Mashine haikwenda Mwanza. Iko palepale, na anayeisimamia sasa ni Pendo, binti wa Nyamizi. Fides na Gervazi wameshatangulia, Mungu awaweke pema. Sabina yuko Usoke na wajukuu zake. Kila mwaka miti inapokaribia kuchanua Pendo ananitumia mtu, nakwenda, napima vipande vya mwaka huo, navilinganisha na daftari langu. Zile ndimi zimekonda, kama Gervazi alivyosema, na zimekonda kuelekea katikati. Mwaka Ashura alipochanganya punje zetu na za beseni chakavu bila kuniambia, nililijua kwa venia kabla hajafungua mdomo, maana kila punje ina kusinyaa kwake. Alinuna wiki nzima. Vipande vile nilivitupa vyote.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaochora: kabla hujaandika namba, nenda kaketi na atakayekitumia kitu hicho, hata akiwa nyuki. Uliza. Kisha bana pale anapobana yeye, na kwingine kote achia bila woga. Na mtu akitaka kusaga chuma kwa hofu, kikamate, hata kama huna cheti cha kukukubalia.

Baraka, nimelipa. Wiki ijayo naenda kwa Pendo, vichipukizi vimeshaonekana. Nikifika niikute venia yangu mezani imefutwa mafuta. Na usiifunge midomo ikagusana, nilikufundisha. Iachie nafasi kidogo katikati, nayo ni chuma, inatanuka.